Charles Goodyear: Aliifumbua siri ya mpira, akafa akidaiwa

JINA Goodyear limeandikwa kwenye matairi ya magari yanayopita kila siku katika barabara za Kenya. Wengi hudhani kwamba mwenye jina hilo alikuwa tajiri wa viwanda aliyeishi raha mustarehe na kuwaachia wanawe urithi mnono.

Ukweli ni kinyume kabisa. Charles Goodyear hakumiliki hisa hata moja katika kampuni hiyo ya matairi. Kampuni yenyewe ilianzishwa mnamo 1898 mjini Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, miaka 38 baada ya yeye kuzikwa. Waasisi wake waliazima jina lake kwa heshima tu.

Goodyear mwenyewe alipofariki mnamo 1860, aliacha madeni ya takriban dola 200,000. Huyu ndiye mtu aliyeifumbua siri ya kuugeuza utomvu wa mti kuwa mpira imara unaotumika leo kutengenezea matairi, viatu, mabomba na glavu za madaktari.

Kilichomponza si uvivu wala upungufu wa akili. Aligundua mapema lakini akasajili kwa kuchelewa, na kazi yake ikaonekana na wengine kabla haijalindwa na sheria. Maisha yake ni somo kwa kila mwenye ubunifu, awe mhandisi wa chuo kikuu au fundi wa jua kali.

Mwana wa fundi

Goodyear alizaliwa Desemba 29, 1800 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Baba yake, Amasa Goodyear, alikuwa mfanyabiashara na fundi aliyetengeneza vifaa vya chuma, vifungo vya nguo na zana za wakulima. Mtoto akalelewa katika mazingira ya nyundo na mafaili, akajifunza kwamba kifaa chochote kinaweza kuboreshwa.

Mnamo 1824 alimwoa Clarissa Beecher. Miaka miwili baadaye wawili hao walihamia Philadelphia, ambako Goodyear alifungua duka la vifaa vya chuma. Kwa muda mfupi mambo yalimnyookea, lakini kufikia 1830 afya yake ilikuwa imezorota na biashara imeporomoka.

Zama hizo sheria haikumhurumia aliyeshindwa kulipa deni. Alitupwa gerezani. Tangu hapo hadi karibu na mwisho wa uhai wake, Goodyear aliingia na kutoka katika magereza ya wadaiwa mara nyingi, hata akayazoea.

Utomvu ulioleta hasara

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, Wamarekani walikuwa wameingiwa na wazimu wa mpira. Utomvu kutoka misitu ya Brazil ulikuwa ukitengenezewa viatu, makoti ya mvua na vifuniko vya magari ya farasi. Wawekezaji walimimina fedha zao katika viwanda hivyo wakitarajia faida ya haraka.

Furaha hiyo haikudumu. Wakati wa baridi kali mpira ule ulikuwa mgumu kama ubao na kupasuka. Joto lilipowadia uliyeyuka, ukanata na kutoa harufu mbaya. Wateja walirudisha bidhaa kwa maelfu na viwanda vikaanza kufungwa.

Mnamo 1834, Goodyear aliingia katika duka la kampuni ya Roxbury India Rubber mjini New York. Aliliona boya la kujiokolea majini, akanunua moja na kulirudisha baadaye likiwa na vali bora zaidi aliyoibuni mwenyewe. Msimamizi alimweleza kuwa tatizo halikuwa vali bali mpira wenyewe. Atakayeuzuia kuyeyuka ndiye atakayevuna utajiri.

Maneno hayo yaliyabadilisha maisha ya Goodyear. Hakuwa mwanakemia, wala hakuwa na fedha. Aliporejea Philadelphia alikamatwa tena kwa sababu ya deni. Akiwa gerezani alimwomba mkewe amletee utomvu pamoja na kifimbo cha kusukumia unga, akaanza majaribio yake humo humo.

Njaa na mifuko ya barua

Alijaribu kuuchanganya utomvu na kila unga aliofikiria ungeukausha. Alitumia magnesia, chokaa, kisha asidi ya nitriki. Asidi iliufanya uso wa mpira kuwa laini na usionate, naye akapata hataza ya njia hiyo mnamo 1837. Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi, ikimruhusu kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa kipindi maalumu, naye kwa upande wake huueleza umma jinsi uvumbuzi huo unavyofanya kazi.

Mwaka huo huo uchumi wa Marekani ulikumbwa na msukosuko mkubwa, na mfadhili wake akafilisika. Familia ililazimika kuishi katika kiwanda kilichoachwa mahame kwenye kisiwa cha Staten na kula samaki waliovuliwa bandarini. Goodyear alivaa koti, kofia na viatu vya mpira ili kuitangaza kazi yake, na majirani wakamwona kama mwendawazimu.

Baadaye alihamia Woburn, jimbo la Massachusetts. Huko alikutana na Nathaniel Hayward, aliyekuwa amegundua kwamba salfa, ule unga wa manjano, hupunguza unataji wa mpira. Goodyear alinunua haki za Hayward. Hataza ilipotolewa Februari 1839, aliyetajwa kama mvumbuzi ni Hayward, lakini mwenye haki ya kuitumia alikuwa Goodyear. Hivyo ndivyo mali ya akili inavyoweza kuuzwa na kununuliwa kama shamba, ilhali jina la aliyeibuni likabaki pale pale.

Serikali ya Marekani ilimpa kandarasi ya kutengeneza mifuko 150 ya kubebea barua. Aliitengeneza, akaiacha ghalani wakati wa joto na kusafiri kwa muda. Aliporudi aliikuta imeyeyuka na kuharibika. Asidi na salfa vilikuwa vimegusa uso tu. Ndani, mpira ulikuwa ule ule wa zamani.

Ajali iliyofungua mlango

Katika majira ya baridi ya 1839, kipande cha mpira uliochanganywa na salfa kiligusa jiko la moto. Goodyear alitarajia kiyeyuke. Badala yake kiliungua ukingoni kama ngozi, na karibu na sehemu iliyoungua kukabaki utepe mwembamba uliokuwa imara na wenye kuvutika. Alikiweka nje kwenye baridi kali usiku kucha, na asubuhi kilikuwa bado kinapindika.

Watu husema kwamba aligundua kwa bahati. Goodyear hakuipenda kauli hiyo. Maelfu ya watu wangeweza kukiona kipande kile na kukitupa jalalani. Ni yeye aliyekuwa amekisaka kwa miaka mitano ndiye aliyefahamu thamani ya alichokiona.

Sayansi ya leo inaeleza kilichotokea. Utomvu wa mpira umeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli inayoteleza kila mmoja upande wake. Salfa ikipashwa moto pamoja nao hujenga madaraja madogo yanayoifunga minyororo hiyo, kiasi kwamba mpira ukivutwa hurudi katika umbo lake.

Hata hivyo, kuona si kuweza. Moto ukizidi, mpira uliungua, ukipungua, haukukomaa. Goodyear alitumia miaka mingine kadhaa kutafuta kipimo sahihi cha joto na muda, akitumia jiko la mkewe, tanuri za mafundi wa chuma na mvuke wa viwanda vya watu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa miaka michungu zaidi. Aliweka rehani vyombo vya nyumbani na kuuza hata vitabu vya shule vya watoto wake. Alikamatwa tena kwa deni mjini Boston. Watoto wao kadhaa walifariki wakiwa wachanga, na jamaa na marafiki wakamlaumu kwa kuiacha familia iteseke kwa ajili ya gamu iliyonuka. Shemeji yake, William De Forest, ndiye aliyeendelea kumkopesha.

Sampuli zavuka bahari

Hapa ndipo kosa kubwa lilipotendeka. Mnamo 1842, akiwa hana fedha na akitafuta mnunuzi wa siri yake, Goodyear aliruhusu sampuli za mpira wake zipelekwe Uingereza na Stephen Moulton, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara New York. Hakuwa na hataza ya njia yake mpya, si Uingereza wala kwao Marekani.

Vipande hivyo vilifika mikononi mwa Thomas Hancock, mshirika wa Charles Macintosh ambaye makoti yake ya mvua yalisifika kote Uingereza. Hancock alikuwa stadi wa mpira kwa zaidi ya miaka 20. Aliona kwamba vipande vile haviathiriwi na baridi wala joto, na juu ya baadhi yake palikuwa na vumbi hafifu la manjano.

Hancock alikana kwamba alivipima kikemia. Lakini alijua sasa kwamba jambo hilo linawezekana, na alikuwa na maabara, fedha na utulivu. Novemba 21, 1843 alijipatia hataza ya Uingereza, akiwa na muda wa miezi sita wa kukamilisha maelezo ya njia yake. Rafiki yake, William Brockedon, akaipa njia hiyo jina linalotokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale.

Goodyear alipoomba hataza ya Uingereza mwanzoni mwa 1844, alikuta nafasi imeshachukuliwa. Hataza yake ya Marekani, nambari 3,633, ilitolewa Juni 15, 1844, zaidi ya miaka mitano tangu kipande kile kilipogusa jiko. Wahenga walinena kwamba chelewa chelewa utampata mwana si wako.

Mambo yalimwendea kombo Ufaransa pia. Hataza aliyoipata huko ilibatilishwa baadaye kwa sababu bidhaa za mpira huo zilikuwa zimeuzwa nchini humo kabla ya ombi lake. Kisheria, jambo ambalo umma tayari umelipata sokoni si jipya tena, hata kama aliyelileta ni mvumbuzi mwenyewe.

Kesi ya karne

Nyumbani Marekani, hataza yake ilisimama, lakini karatasi pekee haimfukuzi mwizi. Viwanda vilichipuka kila upande vikitumia njia yake bila leseni. Goodyear naye hakuwa hodari wa biashara. Aliwapa wengine leseni kwa ada ndogo mno, na kile alichopata akakitumia katika majaribio na mawakili.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Horace Day, mwenye kiwanda katika jimbo la New Jersey, aliyedai kwamba Goodyear hakuwa mvumbuzi wa kweli. Kesi ilisikizwa mjini Trenton mnamo Machi 1852. Upande wa Day uliwakilishwa na wakili maarufu Rufus Choate. Wenye leseni za Goodyear, ambao faida yao ilikuwa hatarini, walimwajiri Daniel Webster kwa ada isiyopungua dola 10,000.

Webster wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, na umma ulifurika mahakamani kumsikiliza. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Ikiwa si Goodyear, basi atajwe mtu mwingine aliyeufanya mpira huo kabla yake. Hakutajwa yeyote aliyekubalika. Septemba mwaka huo mahakama iliamua kwamba hataza ya Goodyear ni halali. Mwezi uliofuata Webster akaaga dunia.

Nchini Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Kesi za kuipinga hataza ya Hancock ziliendelea hadi 1855, nazo zikaisha kwa ushindi wa Hancock. Wataalamu waliitwa kueleza kwamba mtu asingeweza kuitambua njia yenyewe kwa kuvitazama vipande vya mpira pekee. Aliyekuwa wa kwanza kugundua akashindwa na aliyekuwa wa kwanza kusajili.

Nishani ndani ya gereza

Goodyear aliamini kwamba dunia ikiuona mpira wake, itamlipa. Kwa maonyesho makubwa ya London mnamo 1851 alitumia takriban dola 30,000 kujenga ukumbi ambamo kila kitu, kuanzia fanicha hadi vito, kilitengenezwa kwa mpira. Alipata medali na sifa tele, lakini si fedha.

Mnamo 1853 Clarissa alifariki mjini London. Alikuwa amevumilia karibu miaka 30 ya njaa, kuhamahama na misiba. Mwaka uliofuata Goodyear alimwoa Fanny Wardell, akaelekea Paris kwa maonyesho mengine ya 1855 yaliyomgharimu zaidi.

Mapato aliyoyategemea kutoka Ufaransa yalikatika baada ya hataza yake kubatilishwa. Wadai walimshtaki, akafungwa katika gereza la Clichy jijini Paris. Akiwa humo aliletewa na mwanawe nishani ya Legion of Honour aliyotunukiwa na Mfalme Napoleon wa Tatu. Taifa lile lile lililomheshimu kwa uvumbuzi wake lilimfunga kwa kukosa kulipa gharama za kuuonyesha.

Aliporudi Marekani, hataza yake iliyokuwa ya miaka 14 ilikaribia kuisha. Mnamo 1858 Kamishna wa Hataza, Joseph Holt, aliiongeza kwa miaka saba, akitambua kwamba mvumbuzi huyo hakuwa amevuna jasho lake. Goodyear hakuishi kuimaliza. Katikati ya 1860 alisafiri kwenda kumwona binti yake aliyekuwa mahututi mjini New Haven. Alipofika New York alipashwa habari kwamba binti huyo amefariki. Alizidiwa, akapelekwa hotelini, na Julai 1, 1860 akakata roho akiwa na umri wa miaka 59.

Sheria zilivyobadilika

Sehemu ya masaibu ya Goodyear isingetokea leo. Mkataba wa Paris wa 1883 uliweka kanuni kwamba anayewasilisha ombi katika nchi moja mwanachama hupewa muda wa kuwasilisha katika nchi nyingine bila kupoteza nafasi yake. Muda huo kwa hataza sasa ni miezi 12. Kenya ilijiunga na mkataba huo mnamo 1965.

Mwaka 1970 ukaja mkataba wa ushirikiano katika maombi ya hataza, PCT, unaomwezesha mtu kuanza na ombi moja la kimataifa na kupata muda zaidi wa kuamua ni nchi zipi atakazozifuata. Kenya iliingia humo 1994. Hata hivyo, hakuna hataza ya dunia nzima. Hati ya Marekani haina nguvu Nairobi, na ya Nairobi haivuki mpaka wa Namanga. Ulaya ndiyo iliyopunguza mzigo huo hivi karibuni, pale hataza moja inayotambuliwa katika mataifa kadhaa ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutolewa Juni 2023.

Marekani yenyewe kwa muda mrefu ilimpa haki aliyegundua kwanza, kanuni ambayo ingemfaa Goodyear. Kuanzia Machi 16, 2013, iliacha utaratibu huo na kujiunga na mataifa mengine yanayompa haki mvumbuzi anayetangulia kuwasilisha ombi. Tarehe ya muhuri wa ofisi sasa ndiyo yenye uzito, si tarehe ya usiku ule wa majaribio.

Nchini Kenya, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 mtu alilazimika kuwa na hataza ya Uingereza kwanza ndipo aisajili nyumbani. Sheria ya 1989 ilivunja utegemezi huo, na ile ya 2001 ikaunda Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya (KIPI). Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Uvumbuzi sharti uwe mpya duniani kote, uwe na hatua ya kiubunifu isiyo dhahiri kwa mtaalamu, na uweze kutumika viwandani. Kwa maboresho madogo ipo hati nyingine, ya miaka 10.

Sheria hiyo humsamehe mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe, mradi awasilishe ombi ndani ya miezi 12. Lakini nchi nyingi hazina msamaha mpana kama huo. Anayeonyesha mashine yake kwenye maonyesho ya kilimo ya Nairobi leo na kungoja mwaka mzima anaweza kulindwa Kenya, akakosa kabisa ulinzi Ulaya. Njia salama ni kuwasilisha ombi kwanza, kisha kuonyesha. Akilazimika kumwonyesha mfadhili kabla ya hapo, watie sahihi mkataba wa kutunza siri.

Waliotangulia wote

Kuna jambo moja zaidi ambalo mahakama ya Trenton haikuliuliza. Maelfu ya miaka kabla ya Goodyear na Hancock, wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati walikuwa wakichanganya utomvu na maji ya mmea mwingine na kutengeneza mipira ya kuchezea iliyodunda vizuri. Hawakuwa na ofisi ya hataza, wala hakuna aliyewalipa.

Mnamo Mei 2024, mataifa yaliyokutana Geneva yalipitisha mkataba unaolenga kumtaka mwombaji wa hataza kutaja asili ya mimea na maarifa ya jadi yaliyoutegemeza uvumbuzi wake. Ni hatua ya kuwakumbuka wale ambao majina yao hayapo kwenye hati yoyote.

Goodyear aliandika kwamba maisha hayapaswi kupimwa kwa fedha pekee, na kwamba hakuona uchungu kuwa wengine walivuna alichopanda. Labda moyo wake uliridhika. Lakini Clarissa na watoto wake hawakuulizwa, nao ndio waliolala njaa wakati siri yenye thamani ya mamilioni ilipokuwa ikizunguka London bila muhuri.